Uzi: Familia ya mchunga kondoo kwenye vitabu vya sensa ya Uingereza miaka ya 1800. Ukitaka kumjua baba, soma mistari ya watoto

Mke wa Mbali

Wakuu habari za jioni. Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, asiye na haraka avute kiti.

Mimi Mgogo wa Mpwapwa, nimeolewa huku Uingereza, kusini kabisa karibu na bahari, pande za Sussex. Mwaka juzi mama mkwe kanipa kopo la biskuti la bati limejaa karatasi, kaniambia wewe ndio unayependa mambo ya ukoo, hawa wanangu hawana habari. Kwenye karatasi moja shangazi yake marehemu aliandika sentensi moja tu, kwamba babu wa babu yao alikuwa anachunga kondoo milimani. Basi. Hakuna mwaka, hakuna kijiji. Nikacheka peke yangu maana babu yangu mzaa baba naye kachunga mpaka uzeeni, nikasema kumbe wanangu wana fimbo pande zote mbili.

Nikaanza kumtafuta kwenye sensa. Kwa wasiojua, hawa wanahesabiana kila miaka 10 tangu 1801, waliruka 1941 tu sababu ya vita. Zile nne za mwanzo mpaka 1831 zilikuwa hesabu ya vichwa, majina hayakuwa na maana kwa serikali. Majina yanaanza 1841. Na vitabu vyao wanavifunga miaka 100 ndipo wanavifungua, kwa hiyo za miaka ya 1800 zote zipo wazi, zimepigwa picha, unazisoma ukiwa umelala kitandani.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Karani anapita nyumba kwa nyumba anagawa fomu, Jumapili usiku ndio usiku wa sensa, Jumatatu anarudi kukusanya, na mkuu wa kaya asiyejua kuandika karani anamjazia palepale. Halafu karani anakaa ananakili zote kwenye kitabu, na zile fomu zenyewe baadaye zikateketezwa. Kwa hiyo unachokisoma leo ni mwandiko wa karani, aliyesikia kwa mke wa mchunga kondoo mwenye lafudhi ya shamba, mlangoni, labda mbwa wanabweka. Shika hilo, litatusaidia mbele. Ngoja nipike nirudi.

Kisiki cha Mpingo

Dada umenichanganya, nimeona kichwa cha uzi nikasoma mchungaji nikajua ni wa kanisa, nikasema wa kwetu tayari wanatutosha 😂 Endelea.

nyota_ya_Voi

Kumbe wazungu pia walikuwa wanalisha mifugo tu kama sisi? Hizo za shule walituambia wao ni mashine na meli.

Mke wa Mbali

Nimerudi. Nyota, hiyo ya mashine ilikuwa ipo, lakini hawa wa vijijini walikuwa na maisha ambayo bibi yako angeyaelewa bila mkalimani. Vile vilima vya Sussex vina nyasi fupi na udongo mweupe wa chokaa, hauna rutuba ya maana. Mchana kondoo wanapelekwa kula juu mlimani, jioni wanateremshwa wanalazwa kwenye shamba la kulimwa ndani ya zizi la kuhamishika, nyua za fito zilizosukwa, kesho unazing'oa unasogeza hatua kadhaa. Faida ni sufu na nyama ndiyo, ila mwenye shamba alichotaka zaidi ni samadi imwagike pale ili ngano ikubali. Kondoo wenyewe ni wale wafupi wenye uso wa kahawia wanaoitwa Southdown, John Ellman wa kijiji cha Glynde ndiye aliyewaboresha mwishoni mwa miaka ya 1700.

Mchunga kondoo aliajiriwa kwa mwaka, mikataba inageuka mwisho wa Septemba mpaka Oktoba, na nyumba anayokaa ni ya bosi. Mkigombana au bosi mwingine akiahidi zaidi, unapakia vyombo na watoto kwenye mkokoteni unahama. Hii ndio siri ya uzi mzima. Mtu anayehama hivyo hana shamba, hana hati, hana kesi mahakamani, karatasi yoyote haimjui. Lakini anazaa watoto njiani.

Nianze na 1841, usiku wa tarehe 6 Juni. Hii sensa inakera jamani. Imeandikwa kwa pensili, haisemi nani ni nani kwa nani, na watu wazima waliopita miaka 15 walishushwa umri mpaka namba ya tano iliyo chini, yaani mwenye 23 anaandikwa 20, mwenye 29 anaandikwa 25. Mahali pa kuzaliwa wanauliza tu umezaliwa mkoa huuhuu au la. Nimempata kijana wa "20" kwenye nyumba ya mkulima kijiji cha Falmer na vijana wengine watatu, wote wameandikwa "Ag Lab", kifupi cha kibarua wa shamba, na karani mwenye kalamu ya wino mwekundu huko makao makuu kampitishia mstari juu ya umri wakati anajumlisha. Pale sikuwa na uhakika hata robo kama ndiye. Nikamwacha pembeni.

Karani2022

Mimi nilikuwa karani wa sensa ya 2022, nimecheka hapo kwenye mbwa wanabweka maana hayajabadilika. Sisi tulikuwa na vishikwambi lakini swali lilelile, nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa. Na umri! Unamuuliza mama umri wa mumewe anasema andika tu hamsini. Dada hao nao si walikuwa wanakadiria?

Mke wa Mbali

Karani umenigusa penyewe, ngoja niende 1851 uone.

Tarehe 30 Machi 1851. Hapa mambo yamenyooka, kila mtu ana uhusiano wake na mkuu wa kaya, hali ya ndoa, umri kamili, kazi, na parokia aliyozaliwa, pia kuna safu ya kipofu au kiziwi. Nimeikuta kaya kijiji cha Pyecombe. Baba, mkuu wa kaya, miaka 33, kazi "Shepherd", kazaliwa Alfriston. Mke 31, kazaliwa Jevington. Halafu watoto, naomba msome taratibu:

Binti 8, kazaliwa Falmer. Mvulana 6, Falmer. Binti 4, Patcham. Mvulana mwaka 1, Pyecombe.

Mmeona? Safu ya baba inasema neno moja, mchunga kondoo. Watoto wanakuonesha njia yote. Alikuwa Falmer mpaka 1845 hivi, akahamia Patcham, akafika Pyecombe si zaidi ya miaka minne baadaye. Vijiji vyenyewe vimekaribiana, mwendo wa mguu wa saa moja na kidogo kutoka kimoja kwenda kingine, alikuwa anabadilisha mabosi tu kwenye vilima vilevile. Na yule kijana wa "20" wa Falmer nikamrudia kumpigia saluti, maana mwenye 33 mwaka 1851 alikuwa na 23 mwaka 1841, na 23 ilishushwa kuwa 20. Ukoo wa watu unashikwa kwa hesabu ya darasa la pili.

Halafu Pyecombe yenyewe ilikuwa na sifa, kulikuwa na mhunzi anafua vichwa vya fimbo za kuchungia, kile chuma kilichopinda cha kumnasia kondoo mguu wa nyuma. Wachunga kondoo wa Sussex walizitafuta za Pyecombe kuliko zote. Sina ushahidi kwamba mzee wetu alikuwa nayo ila kukaa mlangoni kwa mhunzi bila kununua sijui kama inawezekana.

Mtaalam wa Kijiwe

Swali la kizushi. Machi si ndio kondoo wanazaa? Mchungaji gani analala ndani Machi. Huyo karani alimkutaje nyumbani?

Mke wa Mbali

Mtaalam hilo ni swali la mfugaji, heshima yako. Kweli mwezi huo alikuwa analala zizini kwenye kibanda, wengine walikuwa na vibanda vya magurudumu vyenye jiko dogo la kupashia moto vitoto vya kondoo. Lakini maelekezo ya fomu yalisema aliye kazini usiku akirudi asubuhi ahesabiwe kwake. Kwa hiyo inawezekana kabisa mzee hakuwepo, aliyemjibu karani ni mama, na ndio maana mahali walipozaliwa watoto pamepatikana kwa usahihi ule. Aliyezaa anakumbuka alizalia wapi. Baba ungemuuliza angesema wote wa hapahapa.

Sensa ya Juni ilihamishiwa Machi kwa kuwa kiangazi vibarua wanatawanyika kukata majani wanalala kwenye maghala ya watu, wanapotea kwenye hesabu.

Sasa 1861, Aprili 7. Hapa nilikwama miezi miwili. Familia haipo Pyecombe, ukitafuta kwa jina la ukoo hakuna kitu. Tatizo ni waliochapa zile indeksi, yaani orodha za majina za kutafutia, wanasoma mwandiko wa wino uliofifia, herufi ya kwanza L wameigeuza S. Nikaacha jina la ukoo kabisa, nikatafuta kwa jina la kwanza la mke, na alikozaliwa, Jevington, na kazi ya mume. Wakatoka wanne, mmoja ndio yeye, kijiji cha Findon, siku nzima ya mkokoteni upande wa magharibi.

Baba sasa ana 42, alitakiwa 43. Mama ana 39, alitakiwa 41. (Na 1871 atakuwa na 52, yaani miaka kumi ya kwanza kazeeka miaka minane, kumi iliyofuata kazeeka kumi na tatu. Karani2022 umepata jibu lako.) Mvulana mkubwa 16 tayari naye anachunga. Yule wa Pyecombe ana 11. Kuna mdogo wa kiume 3 kazaliwa Findon. Binti mkubwa hayupo, nimemkuta Brighton nyumbani kwa mfanyabiashara, mtumishi wa ndani, 18.

Na yule binti wa miaka 4, wa Patcham? Yupo. Jina lilelile. Ila ana miaka 6, na kazaliwa Findon.

Nikasema huyu karani alikuwa amelewa. Miaka kumi imepita, mtoto kaongeza miwili na kahamisha kijiji alichozaliwa? Nikarekebisha kwenye daftari langu kwa kalamu kabisa, nikaandika 14, Patcham. Wiki kadhaa baadaye nikafika ofisi ya nyaraka ya mkoa nikafungua kitabu cha mazishi cha kanisa la Findon. Mwaka 1854, binti, jina lile, miaka 7. Mwaka uliofuata, ubatizo, binti, jina lilelile, wazazi walewale.

Karani hakuwa amelewa. Mtoto alikufa, aliyefuata wakampa jina lake. Nilifuta ile kalamu yangu nikatoboa karatasi.

nyota_ya_Voi

Aki hapo umeniweza. Kwetu pia, mtoto anachukua jina la aliyetangulia. Pole kwa hiyo familia, ata kama ni miaka 170.

Kisiki cha Mpingo

Nimesimama kidogo hapo. Ila swali dada, hizi huduma si za kulipia? Na mimi mwana wa Ilula naweza kumtafuta babu yangu hivyo?

Mke wa Mbali

Nyingine za kulipia ndio, ila usikimbilie kadi ya benki. Sensa ya 1881 yote ya Uingereza imechapwa na inasomwa bure kwenye tovuti ya FamilySearch, kuna FreeCEN ya watu wa kujitolea, na maktaba nyingi za huku unaingia unatumia zile za kulipia bila senti. Scotland wana mfumo wao, ScotlandsPeople. Vitabu vyenyewe vipo Kew, London, kwenye hifadhi ya taifa, ukiona namba HO 107 ujue ni 1841 au 1851, RG 9 ni 1861, RG 10 ni 1871, inaenda hivyo mpaka RG 13 ya 1901.

Kwa kwetu ni ngumu Kisiki. Sensa ya kwanza ya maana Tanganyika, Kenya na Uganda ni 1948, na huwezi kwenda kuomba fomu ya babu yako. Kwa wa zamani anza na vitabu vya ubatizo vya misheni, pale walipofika mapema kama Bagamoyo tangu 1868, na wazee walio hai. Mimi kwa babu wa Mpwapwa ninachokijua nimekipata kwa shangazi, na shangazi ana miaka "themanini na kitu".

Tuendelee. 1871, Aprili 2, wamehamia Rottingdean, kule baharini. Baba 53, mama 52, kijana wa Pyecombe hayupo, binti wa Findon naye kashaondoka kwenda utumishi, na kuna kajukuu ka kike ka miaka 3, kazaliwa Brighton, kana jina la ukoo la babu yake.

Mtaalam wa Kijiwe

Hapo mzee tunajua. Binti wa Brighton huyo, mtumishi wa ndani, bosi wake.

Karani2022

Mtaalam acha haraka. Jina la babu linaweza kuwa mtoto wa kijana wao wa kiume, wazazi wapo kazini mtoto kaachwa kwa bibi. Tumeona kaya za hivyo mia.

Mke wa Mbali

Karani yuko sahihi kwa utaratibu, sensa peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Nikanunua cheti cha kuzaliwa. Mama ni binti mkubwa, mtumishi. Sehemu ya jina la baba wamechora mstari. Nani, sijui, na Mtaalam bosi humjui na wewe hukuwepo 😀 Ninachoweza kusema ni kwamba babu na bibi walimchukua na walimwandikisha "mjukuu", hawakumficha kama mtoto wao wa mwisho, na wengi walifanya hivyo.

1881 ndio iliyoniliza. Aprili 3, bado Rottingdean. Baba 63, bado "Shepherd". Kumbuka ni miaka mibaya hii, 1879 mvua zilinyesha mpaka minyoo ya ini ikaua kondoo kwa mamilioni nchi nzima, sufu ya Australia imeshashusha bei, na mwaka unaofuata, 1882, meli Dunedin inaleta nyama ya kondoo iliyogandishwa kutoka New Zealand. Mzee hajui yajayo, yuko mlimani. Safu ya mwisho kabisa ya ukurasa, ile ya ulemavu, ambayo kurasa zote nilizosoma ni nyeupe tupu, mbele ya mama kuna neno moja. "Blind". Kipofu.

1871 palikuwa patupu. Kwa hiyo ni ndani ya miaka ile kumi. Mama mkwe hakujua, hakuna mtu kwenye ukoo aliyekuwa anajua. Na mjukuu sasa ana 13, yupo nyumbani, sehemu ya kazi hapajaandikwa kitu, wala hajaandikwa mwanafunzi. Wasichana wa 13 wa wachunga kondoo walikuwa wanapelekwa utumishi. Huyu kabaki. Karani aliona hana kazi! Nani alikuwa anateka maji, anapika, anamshika bibi mkono mpaka chooni nje?

nyota_ya_Voi

Kazi ya msichana wa nyumbani haijawahi kuwa kazi kwa karani yeyote. Next.

Mke wa Mbali

1891, Aprili 5. Baba sasa ni mgane, mke keshafariki, ana 73, yupo Brighton kwa yule kijana aliyezaliwa Pyecombe, ambaye sasa ana 41 na ni kibarua wa reli. Mwaka huo waliongeza swali la vyumba, ukiwa na chini ya vitano unaandikwa vingapi. Vitatu. Watu wanane. Mzee ameandikwa mchunga kondoo wa zamani. Ukiwa Brighton ile ya reli na moshi, vilima unaviona kwa mbali ukipanda mtaa. 1901 hayupo.

Mwanawe huyo wa reli ndiye aliyemzaa babu yake mama mkwe. Nikachapisha zote nikampelekea Jumapili, tukazipanga mezani kuanzia 1841. Alipofika kwenye 1851 akaweka kidole juu ya tarehe akauliza, hii ilikuwa Jumapili? Nikamwambia ndio, tena siku hiyohiyo serikali ilihesabu mara mbili, nyumbani wanahesabu watu, makanisani wanahesabu waliohudhuria ibada, ndio mara pekee walifanya hivyo.

Mtaalam wa Kijiwe

Na mzee kanisani hakuwepo, kondoo wanazaa.

Mke wa Mbali

Ndicho alichosema mama mkwe, karibu kwa maneno hayohayo. Kisha akanyamaza, akasema shangazi yake aliwahi kumwambia zamani kwamba kuna mzee kwenye ukoo alizikwa na kishungi cha sufu mkononi, yeye akadhani ni uzee wa shangazi. Nikamwambia hapana mama, vijiji vya hapa walifanya hivyo kwa wachunga kondoo, wanamwekea sufu kwenye jeneza ili siku ya hukumu akiulizwa mbona Jumapili hukuonekana kanisani, aoneshe.

Akaenda jikoni kuchemsha chai. Karatasi ya 1851 aliondoka nayo.